Nyumba Iliyokwenda Mahakamani Yenyewe

Jana, saa tano na robo asubuhi, Editha Komba aliota ndoto akiwa ameketi kwenye benchi la masjala ya mahakama, mjini Songea. Hakukusudia kulala. Ni kwamba hakuwa amefumba macho tangu alipokuta tangazo la mnada limebandikwa mlangoni kwake. Mumewe, Kasian, aliiweka nyumba rehani bila kumwambia, akaghushi saini yake kwenye fomu ya ridhaa ya mke, kisha akaenda zake Mbinga na simu akazima.

Mnada ulikuwa saa sita. Maombi yake ya zuio la mnada yalikuwa ndani kwa jaji.

"Subiri hapo hapo, mama," karani alikuwa amemwambia. "Utaitwa."

Akaitwa. Aliyemwita ni mlango.

"Mwombaji aingie na mikono safi," mlango ulisema.

Editha anatazama viganja vyake. Vina masizi ya sufuria. Ananawa kwenye beseni, mlango unafunguka. Nyuma yake wakili wa mkopeshaji naye ananawa. Maji yanageuka meusi tii. "Hilo tutalitazama baadaye," mlango unasema, unampitisha.

Ndani ni jikoni kwake Editha. Jaji ni pasi ya mkaa, amekaa juu ya kinu, na kila anaposema majivu yanamtoka.

"Mheshimiwa, mimi sikutia saini."

"Saini iitwe."

Saini inashuka kutoka kwenye karatasi kama jongoo, inapanda juu ya stuli.

"Unamfahamu mama huyu?"

"Simfahamu. Nilizaliwa na mumewe, juu ya boneti ya gari. Alikuwa na haraka, ndiyo maana herufi yangu ya mwisho imepinda."

"Hoja ina mashiko," jaji anasema. Kweli inayo, mawili, kama ya sufuria. Editha anaishika. Ni ya moto, lakini haiachi.

"Sasa nionyeshe hasara isiyofidika."

Kabla hajajibu, nyumba yake inaingia. Imekuja kwa miguu na inahema, mabati yanagongana. Hakuna anayeuliza imeingiaje jikoni mwake yenyewe.

"Atafidiwa, Mheshimiwa," anasema wakili. "Nyumba ni nyumba."

"Mimi navuja mahali pawili," nyumba inasema. "Mama huyu anajua ndoo inakaa wapi, hata akiwa amefumba macho. Mgeni atalowa, nami nitaona aibu. Hiyo aibu mtaifidia kwa kitu gani?"

Wakili anapekua mafaili yake.

Dirishani uwanja wa nyumba unaonekana, umejaa watu. Dalali amesimama nyuma ya meza. "Mara ya kwanza!" anapaza sauti. "Mara ya pili!"

"Mheshimiwa, nyundo inapanda!"

"Mahakama haikimbizwi," jaji anasema, anatafuta muhuri. Anaupata. Umekauka.

Saini inakohoa. "Mimi ni wino," inasema. "Na sijawahi kufanya jambo la halali hata moja." Inajilaza kwenye kidau cha wino. Jaji anachovya, anagonga karatasi.

"Hali ibaki kama ilivyo."

Ikabaki. Nzi akasimama hewani. Nyundo ikasimama kidole kimoja juu ya meza. Moyo wa Editha peke yake ndio uliendelea kupiga, naye akahofia kwamba huko ni kudharau amri.

"Mama Komba!"

Akazinduka. Karani alikuwa mbele yake na karatasi, muhuri ungali mbichi. Saa ya ukutani ilisema saa sita na dakika kumi.

"Nimechelewa," Editha alisema. Simu yake ikaita. Alikuwa Gaudensia, jirani yake.

"Editha, uko wapi? Njoo! Bado hawajauza! Dalali kakakamaa mkono na nyundo yake, kidole tu kutoka mezani. Anasema bila kugonga hawezi kutamka imeuzwa. Tunamkanda maji ya moto, wala!"

"Tangu saa ngapi?"

"Ilikuwa saa sita kasoro dakika mbili. Niliangalia simu."

Editha aliigeuza amri. Chini ya muhuri, kwa mkono wa jaji, muda ulikuwa umeandikwa: saa tano na dakika hamsini na nane.

"Gaude," alisema, akishuka ngazi mbili mbili, "acheni kumkanda."