Vifuniko Nilivyovifuta

Mwanga uliingia kwa adabu katika maabara yako, mjukuu wangu. Ukapita juu ya meza, ukatua kwenye visahani ulivyovipanga safu kwa safu. Nami nilisimama mlangoni, kifua mbele, kana kwamba jengo lile nililijenga mimi.

Ukanieleza kwa sauti ndogo, ile unayoitumia mbele yangu. Kwamba hii ni hamira, ile ile iumuayo mkate. Kwamba seli yake ikipatwa na joto kali huziita protini za kuiokoa. Na kwamba waokozi hao hao husaidia kuzifunga midomo baadhi ya jeni zake. Jeni uliyoiteua ikinyamaza, doa la hamira huwa jekundu; ikisema, huwa jeupe.

“Walinzi ndio wanyamazishaji, Babu,” ukasema. “Kama wewe na sisi mezani.” Ukaziba mdomo upesi.

Ukatoka kupokea simu. Nikaona vifuniko vya visahani vimefanya ukungu wa mvuke. Mimi sivumilii ukungu. Nimelelewa na walimu waliokagua kucha. Nikailowesha leso yangu kwa spiriti iliyokuwa mezani, nikavifunua kimoja kimoja, nikafuta ndani na nje, nikavirudisha. Leso ikabaki na rangi ya buluu. Nikaidhania kuwa uchafu, nikajisifu moyoni.

Ewe mkono uliozoea kunyoosha kila kilichopinda, ulinyoosha nini siku ile?

Jioni ulirudi macho yamevimba. Ukamwambia mama yako kwamba maandishi yamefutika kwenye vifuniko. Kwamba hujui tena kisahani kipi kilipata joto na kipi hakikupata. Kwamba kazi ya miezi imekwenda na maji. Ulikuwa na hakika kwamba ni wewe uliyemwaga spiriti. Kesho ungekwenda kukiri kwa msimamizi wako, naye alikwisha kuonya kwamba mwenye kuharibu kazi atampisha mwingine.

“Mimi ni mzembe tu, Mama.”

Neno hilo ulilipata kwangu. Nilikutwika ungali mdogo, kwa kikombe kilichovunjika, kwa kiatu kisichofungwa, nikiamini kwamba nakuokoa. Sasa umelibeba mwenyewe, hukungoja nikutwike.

Nami nikanyamaza. Nikamega mkate, nikanyamaza. Mama yako akaniuliza mbona sina neno leo, nikasema nimechoka. Mzee mzima, mwadilifu wa mtaa, nimejificha nyuma ya tonge.

Usiku ule usingizi ulinikataa, nao ulikuwa na haki.

Kulipopambazuka nilikukuta mlangoni, umevaa viatu, mkoba begani. 

“Ni mimi niliyefuta,” nikasema. “Si wewe. Nitakwenda nawe, nimwambie mwenyewe.”

Uliushusha mkoba. Kisha sauti ikatoka, wala haikuwa ile ndogo.

“Tangu jana, Babu? Umeniacha nijiite mzembe, na wewe unakula?”

Ukaendelea. Ukasema ya vifuniko, ukasema ya kikombe, ukasema ya miaka. Majirani wakafungua madirisha. Ulimi wangu ulijua amri ya kukushusha sauti; nikauuma.

Na mwanga wa asubuhi ukanipiga usoni, haukubisha hodi, haukuwa na adabu hata chembe. Nikauacha unione.