Folda Moja kwa Watu Watatu

Mimi nikipewa kitu kinachofungwa, lazima nijue kinafungukaje. Mama kule Newala alinichapa sana kwa ajili hiyo, wala haikusaidia. Kwa hiyo mwaka 2002, fundi kutoka Dar alipotuwekea ile programu ya kutunza matoleo ya mafaili, wiki nzima kazi yangu ilikuwa kuichokonoa.

Tulikuwa watatu pale ofisini Mtanda, tukitengeneza kamusi ya Kimatumbi: mimi Restuta, Sixbert, na mkubwa wetu Mzee Hasani. Programu tuliipa jina la Karani. Ghala lake lilikuwa kwenye kompyuta ya Mzee Hasani. Unachukua nakala, unaifanyia kazi kwenye folda yako, jioni unarudisha, naye Karani anaandika nani kabadilisha nini na lini. Fundi alisema folda ya kazi iwekwe popote, ila kila mtu na yake.

"Watu watatu, vyungu vitatu?" Sixbert akacheka. "Hapa hakuna wachoyo, bwana!"

Mzee Hasani akaafiki. Tukaweka folda moja kwenye kompyuta yake, sote tukawa tunaifungua hiyo hiyo. Tukaona tumempiga fundi chenga.

Mwezi wa saba nikaenda Kikole kukusanya maneno kwa Bi Ziada, kungwi wa siku nyingi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umechezwa unyago?"

"Nimechezwa, bibi, kwetu Newala."

Basi kwa siku nne akanipa maneno arobaini ya unyagoni, yale yasiyosemwa mbele ya mwanamume. Mwali wa siku hizi anawekwa ndani siku tatu tu, akasema, nani atayashika? Niyatunze, wayasome wanawake waliochezwa. "Mwanamume akiyasoma, umenivua nguo." Nikamwapia.

Niliyachapa kwenye faili la peke yake, nikachoma daftari nililoyaandikia lisije likaokotwa. Nikajiona mjanja kweli. Faili nikaliacha mle mle kwenye folda yetu. Ghalani sikulipeleka, sasa nani atalijua?

Asubuhi Karani ananiambia: Sixbert, jana saa kumi na moja jioni, ameongeza maneno arobaini. Mungu wangu! Kumbe Sixbert anarudisha vyote vilivyomo foldani bila kuchagua.

"Umesoma?"

"Matatu tu, dada. Haki ya Mungu, nilipoelewa nikafunga." Hakuweza kunitazama usoni.

"Mwanaume mzima unabeba vitu usivyovijua!"

"Na wewe uliviweka kwenye folda ya wote."

Iliniuma, kwa sababu ni kweli.

Nikalifuta faili. Halafu, ndivyo nilivyo, nikataka kujua limekwenda wapi. Nikamwomba Karani anipe kazi ya jana. Akanipa maneno yote arobaini, hata nukta haikupungua! Nikashangaa, nikafurahi, kisha nikaogopa. Yeyote atakayekaa kwenye kiti kile ataweza kuyaita.

Mzee Hasani nilimweleza bila kuyataja. Akatoka chumbani kwake mwenyewe, akaniachia kompyuta. Niyahamishie kwenye disketi? Disketi zetu tulikuwa tunaazimana kama kiberiti. Nikasema, Bi Ziada yupo, nitayapata kwake. Nikaingia ndani kabisa ya ghala, nikalitafuta faili lenyewe, nikaling'oa, na nakala ya foldani nikaifuta. Nikamwuliza Karani tena. Safari hii akasema halijui. Nilicheka peke yangu kwa raha.

Jumamosi nikapanda basi hadi Kikole kuungama. Bi Ziada alinisikiliza mpaka mwisho. Akatema mate, akanitukana kwa Kimatumbi.

"Keti," akasema. "Leo hakuna karatasi. Yashike kichwani."

Tukaanza. Yeye anasema, mimi naitikia, anapiga goti lake kila neno likipita. La kumi, la ishirini, la thelathini. Kwenye la thelathini na nne akasimama. Akarudi nyuma maneno matatu, akaja tena, akasimama pale pale.

"Hilo linalofuata," akasema, "la mwali anapotolewa nje..." Akaangalia mikono yake. "Nikumbushe, mwanangu. Si uliyaandika yote daftarini?"

Nililia mbele yake, naye akadhani nalilia yale matusi yake.