Jina la Nilda Kaburini

Eleuterio Maidana hakusoma sana, ila wakubwa wa mji wao wa Tucumán aliwajua vizuri: kabla ya kura ni ndugu zako, baada ya kura hawakujui. Sasa manispaa ilikataa jina la Nilda, marehemu mkewe, lichongwe kaburini, eti cheti cha kuzaliwa kilimtaja kuwa mwanamume.

"Mama Profesa, hawa hawana haya," alinong'ona mahakamani.

"Tulia, mzee wangu. Leo wataipata."

Ofelia Quiroga alifundisha sheria chuo kikuu, na alizunguka nchi nzima akiwatetea wanawake waliozaliwa wakahesabiwa wanaume, kama Nilda, na kama yeye mwenyewe. Siku hiyo hakufungua kitabu. Alimgeukia meya, aliyeitwa kuitetea manispaa yake.

"Ulipokwenda kuomba kura mtaani kwao, ulikunywa chai ya yerba?"

"Nani asiyekunywa? Kikombe kimoja, mrija mmoja, kinazunguka."

"Na mmiminaji huwa mmoja. Kwao alikuwa nani?"

"Bi Nilda," meya akajibu bila kufikiri.

Ukumbi mzima ukaguna.

"Basi akikumiminia chai ni Bi Nilda. Akifa, unadai cheti?"



"Tena meya huyu alikuwa anaomba kikombe cha pili," Eleuterio akadakia. Hakimu hakumkemea. Aliamuru jina lichongwe.

Kesho yake Eleuterio alisimama nyuma ya mchonga mawe.

"Herufi kubwa, fundi. Wakubwa hawa macho yao huona wakati wa kura tu."