Sindano Ikifika Chini

Mjomba alikuwa na sifa moja iliyojulikana mtaa mzima: cherehani ikishapita mikononi mwake haikurudi. Mpwa wake, binti wa dada yake, naye alikuwa na sifa yake, tena hiyo ndiyo iliyovuma zaidi, maana watu hutangaza aibu upesi kuliko heshima. Cherehani aliyoitengeneza yeye haikumaliza mwezi kabla ya kurudi kibandani ikiruka mishono.

Miaka sita alikaa pale. Alijua kuifungua cherehani na kuifunga akiwa amefumba macho. Lakini kazi yenyewe hasa ni kuipanga ile ndoano ya chini inayodaka uzi wa sindano, na kwa kazi hiyo alipewa sheria moja tu: "Zungusha gurudumu. Sindano ikifika chini kabisa, sogeza ndoano ikutane nayo, kaza." Mwanzoni aliuliza kwa nini iwe chini kabisa. Mjomba aliwaita wateja waje wamsikie.

"Huyu anataka kuwa mwalimu kabla hajawa fundi!"

Wakacheka. Na mtu akichekwa mara tatu, ya nne hunyamaza.

Basi alikuwa akimaliza anajaribu kwenye kitambaa chepesi alichopewa na mjomba, mshono unatoka safi. Wiki mbili baadaye mteja huyo mlangoni: kwenye jinzi inaruka! Mjomba anashusha pumzi, anamgeukia mpwa wake. "Mkono wako mzito, mama. Haya, nenda kaniletee maji ya baridi, niimalizie." Akirudi na maji, cherehani inashona hata ngozi. Na binti alimshukuru, maskini ya Mungu. Kila mara alimshukuru, kisha usiku anamwambia mama yake kwamba pengine hakuumbwa na akili ya ufundi.

Kiwanda cha sare za shule, ambacho mjomba aliwahi kukifanyia kazi, kilipotafuta fundi wa cherehani, binti alikwenda kwa mjomba kuomba ruhusa akiwa ameinamisha kichwa. Mjomba alimpa, na baraka juu. "Nenda ukajaribu, mpwa wangu. Ukishindwa, kibanda kipo."

Msimamizi wa kiwanda alikuwa mama mmoja mfupi, miwani kwenye paji la uso, asiye na muda wa kupoteza. Alimwonyesha cherehani mbovu. Binti akaifungua, akasafisha, akapanga ndoano, akakaza. Akashona kitambaa chepesi. Safi. Msimamizi akachukua jinzi, akaikunja mara nne, akaisukuma chini ya sindano. Ta-ta-ta, kisha pengo. Ta-ta, pengo.

"Kwa nini umeikaza hapo?" akauliza msimamizi.

"Ndivyo nilivyofundishwa."

"Sijakuuliza nani kakufundisha. Una mpaka saa sita."

Akabaki peke yake na aibu yake. Angeweza kurudia yaleyale kwa mara ya pili, kama alivyozoea. Badala yake, labda kwa sababu hapakuwa na wa kumcheka, alizungusha gurudumu kwa mkono, polepole, akainama mpaka pua ikakaribia chuma. Sindano ilishuka na uzi wake umebana. Ilipofika chini kabisa ndoano ikapita, haikukuta kitu cha maana cha kudaka. Sindano ilipoanza kupanda, hapo ndipo uzi ulipolegea ukafanya kitanzi kidogo ubavuni. Kitanzi kilikuja, ndoano imeshaondoka.

Hakuamini. Sheria ni sheria. Akamuuliza msimamizi kama ipo cherehani isiyosumbua.

"Ile ya dirishani. Mjomba wako aliitengeneza mwaka juzi, haijaruka mshono hata mmoja."

Akaifungua, akazungusha. Sindano ikafika chini, ndoano bado iko nyuma. Sindano ikapanda kidogo, kitanzi kikafunguka, na hapo ndoano ikaingia katikati yake.

Akaipanga ile mbovu vivyo hivyo. Jinzi ikapita, mikunjo minne, kisha sita. Msimamizi akashusha miwani machoni, akautazama mshono mbele na nyuma. "Jumatatu, saa mbili kamili," akasema. Binti akaitikia, lakini furaha aliyoingoja haikuja. Alikuwa anahesabu safari za maji ya baridi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na yeye alikuwa amekivaa miaka sita.

Alimkuta mjomba anapuliza vumbi kwenye cherehani ya mteja.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Vipi, imekuwaje?"

"Ndoano inangoja kitanzi. Sindano ikishaanza kupanda."

Mjomba akaacha kupuliza. Hakuuliza anasema nini.

Binti alikuwa amekuja na hasira ya kubomoa kibanda. Lakini huyu ndiye aliyemlea tangu baba yake afariki, na njia nzima alikuwa amemtafutia udhuru, akaupata mmoja. Alikuwa tayari kufunika kombe mwanaharamu apite. Akamsogezea udhuru ule kama mtu anayemsogezea mgonjwa kikombe.

"Ulikuwa unangoja niligundue mwenyewe, sivyo, mjomba? Ili nijifunze kufikiri?"

Ilikuwa kazi rahisi. Neno moja tu, ndiyo, na angelipokea, angelibusu, angeliweka moyoni maisha yake yote.

Mjomba alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Hapana," akasema. "Ungejua, ungeondoka. Nani angebaki na mimi hapa?"

"Miaka sita nimejiona mjinga, mjomba."

"Najua," akasema. "Ulikuwa unajifunza haraka mno."