Siku Fundi Alipohamia Kiti cha Nyuma

Fundi pampu alikuwa na pikipiki nyekundu, kiti kimechanika lakini injini bado inaitika kwa teke moja. Kwa pikipiki hiyo alizunguka mji mzima akitengeneza pampu za maji, za hospitali, za nyumba za kupanga, za watu wenye bustani. Kabla ya kuanza mizunguko alimpeleka shule mjukuu wake, mtoto wa binti yake aliyekuwa anafanya kazi mbali. Mtoto alikaa nyuma amemkumbatia kiuno, akimpigia kelele njia nzima kuhusu walimu wake.

Kisha macho yakaanza kumwibia. Hayakuuma. Cha mbele alikiona sawasawa. Pembeni ndiko kulikokuwa kunafifia, kidogo kidogo, na yeye mwenyewe hakujua mpaka alipokwangua geti la hospitali na baadaye mkokoteni wa muuza mikate. Daktari wa macho akamwambia ni presha ya macho. Dawa ya matone ingezuia yasizidi haraka, lakini kilichokwisha kupotea hakingerudi. Nyumbani fundi alisema matone yale ni ya vumbi.

Mkewe, mpishi katika shule ileile ya mjukuu, hakumbishia. Ila tangu wiki hiyo alianza kuondoka na mtoto kwa miguu asubuhi, akisema anataka mtu wa kupiga naye soga njiani. Fundi alibaki mlangoni akiwatazama mpaka wakakata kona. Hakuuliza kitu. Alijua akiuliza atajibiwa.

Bima ya pikipiki ilipokaribia kuisha, akamwambia mkewe, "Safari hii nataka kukata ile kubwa. Tukiwa nayo, mtoto anaweza kurudi kupanda."

"Basi twende wote," mkewe akasema.

Ofisi ya wakala wa bima ilikuwa juu ya duka la magodoro, chumba kimoja chenye feni inayotingishika. Wakala alikuwa mama mnene mcheshi, na fundi alikuwa mteja wake tangu siku aliyonunua pikipiki.

"Leo umekuja na mwenye nyumba," akatania. "Ndiyo maana umechana nywele."

"Amekuja kuhakikisha huniibii," fundi akajibu, wakacheka wote.

Akaeleza anachotaka. Bima aliyokuwa nayo ilikuwa ndogo, inamlipa atakayegongwa tu. Yeye na chombo chake wakiumia ni shauri yao.

"Na abiria vilevile," wakala akasema. "Mjukuu wako kwenye hii hayumo."

Mkewe akageuka. "Miaka yote hii hayumo?"

"Hayumo, mama. Kila mwaka namwambia, kila mwaka ananiambia mwakani."

Fundi akakohoa. "Ndiyo nimekuja sasa. Mweke."

"Kumweka si kazi. Lakini kwa bima kubwa kampuni ina maswali yake. Una ugonjwa wowote unaoweza kukusumbua ukiendesha? Kifafa, moyo, macho?"

"Sina."

Mkewe alikuwa anaangalia mikono yake mwenyewe, iliyokuwa bado inanuka vitunguu vya shule. Hakuinua uso.

Wakala akashika kalamu bila kuandika. "Fundi, sikuulizi kwa ubaya. Ukificha jambo, mtoto akiumia, watatafuta sababu ya kutolipa mpaka waipate. Kuna mama alikaa hapo ulipokaa, ana mtoto hospitali, na mimi ndiye niliyetakiwa kumwambia kuwa hatapata kitu. Sitaki kurudia kazi ile."

 Chini dukani mtu alikuwa anapiga godoro kofi kutoa vumbi.

"Ngoja," fundi akasema mwishowe. "Macho."

"Yamefanyaje?"

"Pembeni yamekufa. Wewe nakuona vizuri. Mke wangu yuko hapa kulia, simwoni mpaka nigeuke." Wala hakugeuka. 

Mkewe akamwekea mkono gotini. "Najua, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ulipompita dada yangu sokoni. Alinuna, akasema umeanza maringo."

"Mbona hukuniambia?"

"Mtoto nilimchukua. Wewe nilitaka ushuke mwenyewe."

Fundi akafunika uso kwa viganja. Alilia taratibu, na wakala akainuka akajifanya anarekebisha feni.

Aliporudi kukaa alisema ukweli wake bila kuuzungusha. Fundi hakuwa tena mtu wa kuendesha, na asingemwandika. Ila chombo kingeweza kupata bima kubwa, pamoja na abiria, akipatikana mwendeshaji mwenye leseni. Mkewe akasema alipokuwa msichana aliendesha pikipiki ya kaka yake, mikono haijasahau, ila leseni hana. Wakala akawaambia waende wakaitafute.

Pikipiki ikakaa uani imefunikwa turubai hadi leseni ilipotoka. Walirudi kwa wakala, na safari hii jina la mwendeshaji lilikuwa la mkewe. Wakashuka ngazi pamoja. Nje, fundi alitoa ufunguo mfukoni, akaushika kidogo, akampa. Kisha akapanda nyuma na begi lake la spana.

Siku hiyo wateja walitania kwamba fundi kapata dereva wa kike, sasa bei itapanda. Alicheka nao.  Jioni mtoto alipomwomba waende mzunguko mmoja tu, yeye na babu, alisema amechoka, akaingia ndani kulala jua likiwa bado linawaka.

Kazi ikapungua, kwa kuwa mkewe alikuwa huru baada ya kuosha masufuria ya shule tu, na pampu za watu huharibika asubuhi. Baadhi ya wateja walitafuta fundi mwingine. Hata cha mbele sasa kilikuwa kinazidi kufinyika; waliobaki aliwafungulia mashine zao kwa kupapasa zaidi kuliko kutazama, na mkewe alimshikia tochi.

Siku moja walikuwa wanarudi kutoka kwenye nyumba moja ya mbali. Fundi alikuwa akihesabu njia kichwani kwa mashimo na kona, kama alivyozoea siku hizo.

"Hapa si kwa seremala?" akauliza. "Mbona sisikii msumeno?"

"Seremala alihama zamani," mkewe akasema. "Banda walilibomoa."

"Hukunieleza."

"Tunapita hapa kila wiki. Nilidhani umeona."

 Mkewe alipunguza mwendo, akasubiri mumewe aseme neno, hata la kumlaumu. Alichosikia ni mikono ya mumewe ikimzunguka kiuno, ikikaza, na paji lake la uso likimwegemea mgongoni. Wakaenda hivyo mpaka nyumbani.