Nakijwa Wawili, Kabati Moja

Usiku wa kuamkia jana niliota nimekaa mezani kwangu, nahamisha kanda za video za familia kuziingiza kwenye kompyuta. Kazi ileile niliyoshinda nayo mchana kutwa. Nilikasirika. Mtu ukilala unategemea angalau ubadilishiwe kazi.

"Kaka Elinami," deki ya video ikaniambia, "kanda ya mwisho nimeitafuna. Samahani."

"Uliitafuna tangu jioni," nikaijibu. "Bahati yako nilikuwa nimeshaihamisha."

Ni kanda ya mama. Dakika nne tu, uani kwetu Gonja, mwaka 1996. Mwaka uliofuata alifariki, na hakuna mahali pengine duniani anapoonekana akisogea na kusema.

Mara meza haipo. Nimesimama kwenye ukumbi mrefu wa makabati ya chuma, kila moja limebandikwa mwandiko wangu: Harusi, Ubatizo, Misiba, Nyumbani. Mbele yangu yupo Kishale, yule mweupe wa kwenye kioo cha kompyuta anayefuata mkono wako, ila leo ana urefu wa mtu na amevaa tai.

"Fungua Nyumbani," anasema.

Nafungua. Ndani mama amekaa kwenye kigoda, anamenya maharage mabichi. Pembeni yake amesimama binti yangu wa miaka minane, na sare zake za shule.

"Shikamoo mama."

"Usinipige picha, sijachana nywele," anasema mama. Si kwamba amekataa salamu. Hana maneno mengine zaidi ya yale aliyoyasema kwenye kanda.

Kishale anapitia orodha yake. "Hapa pana Nakijwa wawili."

"Ndiyo. Kwetu Upareni binti wa kwanza anapewa jina la bibi yake mzaa baba. Hata mimi mwenyewe binti yangu namwita mama."

"Na wote umewahifadhi kwa jina hilo moja?"

"Ndivyo tunavyowaita nyumbani."

"Kwenye kabati moja hayakai majina mawili yanayofanana," anasema, kwa upole wa karani anayekunyima fomu. "Aliyeingia mwisho anachukua nafasi ya aliyetangulia. Mama yako ameingia leo."

Mstari wa kijani unaanza kujaa sakafuni. Viatu vya binti yangu vinafifia, kisha soksi.

"Baba," anasema, "miguu yangu siioni."

Hapo nikaogopa, jamani.

"Mbadilishe jina mtoto," namwambia Kishale. "Mwite Naelijwa."

"Yupo. Kabati la Misiba." Shangazi Naelijwa ananyoosha mkono kutoka huko.

"Basi Namsifu."

"Yupo. Harusi." Naye ananyoosha mkono, na kipande cha keki.

Nikataja yote ninayoyajua. Kila jina lina mwenyewe, na kila mwenyewe ananyoosha mkono. Ukoo wetu haujui kutunga jina jipya, na mimi ndiye mjinga wao wa mwisho. Kijani kimeshamfika mwanangu kiunoni.

"Njia nyingine ni ipi?"

"Kumwondoa aliyeingia leo. Useme mwenyewe, kwa kinywa chako."

Namtazama mama. Miaka mingapi nimehangaika kutafuta deki inayofanya kazi, nisikie tu sauti yake. Nataka kumwomba msamaha. Yeye hanyanyui hata uso.

"Haya, zima sasa, inatosha," anasema. Ndilo neno lake la mwisho kwenye ile kanda.

"Mwondoe mama," nikasema.

Niliamka shati limelowa chapachapa. Kumeshakucha. Sikunawa uso, nilikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Faili lilikuwepo, dakika nne kamili. Nikalifungua. Ua wetu wa Gonja ulikuwepo, na jogoo anapita. Maganda ya maharage yalikuwa yanaangukia kwenye ungo, moja moja. Kwenye kigoda hapakuwa na mtu.

Binti yangu alikuja akasimama nyuma yangu, mzima, miguu yote miwili.

"Baba, hapo ni wapi?"

"Kwa bibi yako."

"Mbona mwenyewe hayupo?"

Nikamkumbatia nikalia.