Safu ya Muda Ulioibwa

Jumanne saa nne na dakika kumi, fundi wa seva alikaza skrubu ya tatu ya feni. Alipogusa ya nne ilikuwa saa nne na dakika kumi na saba. Katika mfuko wa shati alikuta kikaratasi chenye mwandiko safi: "Dakika saba. Zimechukuliwa."

Alilielewa jambo hilo mara moja. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akitunza seva moja kubwa iliyogawanywa kwa wateja ishirini, kila mteja akidhani ana mashine yake peke yake. Kichakataji, kile kinachofanya hesabu zote za mashine, kikipewa mwingine, aliyepokonywa husimama, na akirudishiwa hajui kama alisimama. Kwa hiyo seva yenyewe humwandikia imemnyima muda kiasi gani, na kiini cha mfumo wa mteja huyo, yaani programu inayouendesha, hukiweka kiasi hicho katika safu ya muda ulioibwa. Hakikichanganyi na muda wa kukaa bure. Anayekaa bure hana kazi. Aliyeibiwa anayo kazi, ila amenyimwa nafasi ya kuifanya.

Vikaratasi vikazidi. Dada wa mapokezi alivilinganisha na saa ya ukutani, havikukosea hata sekunde.

"Kaka, leo nimekupungia mkono mpaka puani," alimwambia. "Hata kope hukupepesa."

Ndiye aliyeutambua mwandiko wa mkurugenzi. Siku hizo mkurugenzi alikuwa akitoka saa saba, anakula taratibu, analala, ananyolewa, na saa saba na robo yuko mezani kwake.

Balaa lilikuwa kwenye fomu ya utendaji. Ilikuwa na safu mbili tu, kazi na uvivu, na kwa dakika alizoibiwa fundi alikuwa amefikisha saa thelathini na moja za uvivu. Zikifika arobaini, mtu anafukuzwa. Mkewe alimshauri aombe radhi yaishe. Fundi akasema haombi radhi kwa kuibiwa.

Alipanda ghorofani siku sita mfululizo. Mara nne aliambiwa bosi ana wageni. Mara ya tano aliinua mguu kwenye ngazi saa tatu asubuhi, akaushusha saa nane. Watu walikuwa wamempita pembeni kwa adabu. Siku ya sita aliingia bila kubisha, akamwaga vikaratasi mezani.

"Mwandiko wako huu, bosi?"

"Wangu. Kuna mahali nimekosea?"

"Hakuna."

"Sasa shida nini, fundi?"

"Umeniandika mvivu, na mimi si mvivu. Ongeza safu."

Mkurugenzi aliwaza, akaona ni haki. Alimshukuru hata kwa kusema kwa kifupi.

Fomu mpya ilitoka Jumatatu, safu tatu: kazi, uvivu na muda ulioibwa. Kwenye uvivu fundi alikuwa na sifuri. Aliipeleka nyumbani, mkewe akaisoma mara mbili, kisha akauliza kama sasa atakuwa anawahi kurudi.

"Kuwahi wapi? Kazi iliyobaki lazima imalizike. Ila sasa wanajua kwamba..."

Kijiko cha fundi kilibaki hewani. Mkewe aliwaambia watoto waendelee kula, naye akafunika sahani ya baba yao isipoe. Baada ya dakika tisa alimchomolea kikaratasi mfukoni na kukisoma. Kilikuwa sahihi. Akachukua kalamu, akaandika tisa katika safu ya tatu.